Saadat Hasan Manto: mwandishi wa Kiurdu ambaye Mswahili anaelewa nusu ya vichwa vya hadithi zake

Kalamu ya Mkaa — #1

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Hadithi ya kwanza aliyotunga Saadat Hasan Manto inaitwa "Tamasha". Sikutafsirii, neno ni lako mwenyewe. Ila sikiliza tamasha lenyewe lilivyo. Mji ni Amritsar, Punjab. Mtoto mdogo anaona ndege zinapita juu ya mapaa, anauliza kulikoni, wakubwa wanamdanganya ili asiogope, naye anakaa kusubiri tamasha lianze. Kinachokuja kupita barabarani ni mtoto mwenzake anayevuja damu, mpaka anaanguka. Basi. Hilo ndilo tamasha.

Kisa hakikuzuka hewani. Tarehe 13 Aprili 1919 askari wa Brigedia Dyer waliwamiminia risasi watu waliokusanyika Jallianwala Bagh, uwanja uliozungukwa na kuta, wenye njia chache nyembamba za kutokea. Serikali ya Waingereza yenyewe ilihesabu maiti 379, na Wahindi walisema walikuwa wengi kuliko hapo. Manto aliishi mji huohuo na alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka saba.

Nilipoliona lile neno ndipo nikaanza kuchungulia vichwa vingine vya hadithi zake, nikakuta nimo nyumbani. "Naya Qanoon": naya ni mpya, qanoon ni kanuni, yaani Sheria Mpya. "Kali Shalwar": shalwar na suruali yetu ni neno moja lililosafiri njia mbili, na kali kwao haina ukali wowote, ni nyeusi. "Siyah Hashiye": hashiya nyeusi, zile pembezoni za ukurasa ambazo mashekhe wetu walikuwa wakiziandika maelezo. "Karamat". Hiyo nayo niitafsiri?

Sasa mtu mwenyewe. Kazaliwa 11 Mei 1912 karibu na Samrala, wilaya ya Ludhiana, ukoo wa asili ya Kashmir. Baba hakimu, mkali kama pilipili kichaa, mama mke wa pili. Kaka zake wa mama mwingine walisoma wakawa mawakili. Yeye alifeli mtihani wa kumaliza shule zaidi ya mara moja, na moja ya masomo yaliyomwangusha ni Kiurdu. Wenye watoto waliofeli Kiswahili msiwachape kwanza.

Aliyemwokota ni mwandishi wa magazeti aitwaye Abdul Bari Alig. Alimkuta Amritsar, kijana wa miaka 21, maskani na kamari, akamwekea vitabu vya Warusi na Wafaransa mkononi. Muda si mrefu Manto akawa amefasiri kwa Kiurdu kitabu cha Victor Hugo kuhusu siku ya mwisho ya mtu aliyehukumiwa kifo. Akaenda Chuo Kikuu cha Aligarh mwaka 1934, hakudumu, kifua kikuu kikamrudisha. Mwaka 1936 akashika njia ya Bombay.

Nakunywa chai, nakuja.

Baharia Mstaafu — #2

Nimetandika mkeka. Huyu si ndiye yule aliyeigizwa na Nawazuddin Siddiqui?

Kalamu ya Mkaa — #3

Ndiye, mkuu. Hiyo ni ya Nandita Das, 2018, ya India. Lakini Wapakistani walikuwa wametangulia na yao mwaka 2015, ya Sarmad Khoosat, naye mwenyewe ndiye aliyecheza Manto. Nchi mbili zinamgombea marehemu. Alipokuwa hai hakuna iliyomtaka sana, tutafika huko.

Bombay alihariri gazeti la filamu la kila wiki, Musawwir (umeona tena? musawwir ni mwenye kuchora au kupiga picha, ndugu wa "sura" na "taswira"). Akaandikia kampuni za filamu, Filmistan na Bombay Talkies. Mwaka 1939 akamwoa Safia. Hela ilikuwa inakuja na kuondoka na bado ndoa ikasimama hadi mwisho, sifa hiyo naitoa kwa mke bila kusita.

Mwaka 1941 akaenda Delhi, All India Radio. Hapo ndipo mtu unashangaa. Alikaa kama mwaka mmoja na nusu, akaandika michezo ya redio zaidi ya 100. Alikuwa na taipureta ya Kiurdu, anakaa, anauliza leo mnataka mchezo juu ya nini, anaanza kugonga. Ndani ya kipindi hichohicho alimzika mtoto wake wa kwanza, Arif, hajavuka hata mwaka mmoja na kitu. Akagombana na wakubwa waliokuwa wanamhariri, akarudi Bombay 1942.

Jumla ya kazi za maisha yake huhesabiwa hivi: mikusanyo 22 ya hadithi fupi, riwaya moja tu, mikusanyo mitano ya michezo ya redio, mitatu ya makala, na miwili ya kuchora watu aliowafahamu, wengi wao wa filamu. Huyo ni mtu aliyekufa na miaka 42.

Ile riwaya moja tuiache ilale, nguvu zake zilikuwa kwenye kurasa sita.

Dada wa Vitabu — #4

Asante kwa uzi, kaka. Mie nimemsoma kidogo, nimekulia Mombasa mtaa uliokuwa na majirani wa Kipunjabi, Kiurdu nakisikia zaidi ya kukisoma. Swali langu: kama Bombay palimkaa hivyo, kwa nini aliondoka? Maana aliyoyaandika Lahore yote yananukia Bombay.

Kalamu ya Mkaa — #5

Dada, hilo hata yeye hakulijibu sawasawa. Nitaeleza aliyoyaandika mwenyewe kuhusu marafiki wawili.

Agosti 1947 India ikagawanywa. Watu zaidi ya milioni 10 walihama, Waislamu kuelekea Pakistan, Wahindu na Masingasinga kuelekea India, na waliouawa njiani huhesabiwa kwa malaki. Manto yuko Bombay Talkies, Mwislamu, na barua za vitisho zinafika studio kwamba Waislamu wafukuzwe kazi.

Rafiki wa kwanza ni Ashok Kumar, nyota mkubwa wa filamu wa zama hizo, Mhindu. Usiku mmoja wa machafuko wanapita na gari mtaa wa Waislamu, kuna msafara wa harusi, gari linazuiwa. Manto moyo unampasuka: wakimuua Ashok hapa, nitaishi vipi? Watu wanachungulia, wanamtambua, wanapiga kelele "Ashok bhai!", kisha wanamwelekeza kwa upole kwamba mbele hakupitiki, apite kichochoro kile. Ashok akamcheka: unaona, wasanii hawaguswi.

Rafiki wa pili ni Shyam, mwigizaji naye, mlevi mwenzake, ndugu wa kufa na kuzikana. Siku moja walikaa na familia ya Masingasinga iliyokimbia Rawalpindi, wakasikiliza yaliyowapata mikononi mwa Waislamu. Baadaye Manto akamuuliza Shyam: mimi ni Mwislamu, huna hamu ya kuniua? Shyam akamjibu kwamba sasa hivi hapana, lakini pale nilipokuwa nawasikiliza, ningeweza kukuua.

Manto anasema aliposikia hivyo alielewa ghafla yale yote yaliyokuwa yanatokea nchini. Siku zikapita, akafunga mizigo. Shyam ndiye aliyemsindikiza bandarini. Januari 1948 Manto akapanda meli kwenda Karachi, kisha Lahore, ambako mkewe na binti walikuwa wametangulia. Shyam alikufa 1951, alianguka kutoka juu ya farasi wakipiga filamu. Hawakuwahi tena kukaa na kunywa Bombay.

Mimi nilivyomsoma, hakuondoka kwa kuogopa kuuawa. Aliogopa kuwa rafiki yake angeweza.

Mtu wa Kona — #6

Samahani mleta uzi, mbona unampamba? Ninavyojua mimi huyu alikuwa mwandishi wa matusi. Makahaba, walevi, mambo ya kitandani. Alishtakiwa mara kibao. Leo angeandika humu moderata wangemla kichwa.

Kalamu ya Mkaa — #7

Mkuu, mara sita. Tatu chini ya Mwingereza, kwa hadithi za "Kali Shalwar", "Dhuan" (Moshi) na "Bu" (Harufu). Tatu Pakistan. Sheria yenyewe ni Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, kifungu cha 292, uchafu katika maandishi. Na usione iko mbali: kanuni hiyohiyo ya India ndiyo iliyotumika Kenya na Tanganyika mpaka 1930 zilipotungwa za kwetu.

Kesi ya "Bu" ilisikilizwa Lahore sambamba na ya Ismat Chughtai, mwandishi mwanamke aliyeshtakiwa kwa hadithi inayoitwa "Lihaaf", yaani mfarishi. Ismat ameeleza safari yao kutoka Bombay kama vile walikwenda kutembea: walizunguka madukani, wakanunua viatu. Mahakamani shahidi mmoja alidai neno "kifua" la mwanamke ni chafu. Manto akaruka juu: sasa mlitaka nikiite nini, karanga? Watu wakacheka, hakimu akakasirika. Wote wawili waliachiwa.

Kesi nzito ilikuwa ya "Thanda Gosht", Nyama Baridi, iliyotoka katika jarida la Javed, Lahore, mwaka 1949. Nitaisema kwa ufupi na nitaisitiri. Mwanamume anarudi kwa mwanamke wake baada ya siku za uporaji, mwili wake umegoma. Mwanamke anadhani kuna mwenzake, wivu unampanda, anamchoma kisu. Yule bwana akiwa anakata roho anakiri: aliua watu wa nyumba moja, akambeba binti yao begani, na alipomlaza chini akagundua kuwa alichobeba ni maiti. Sasa niambie, mtu wa kona, hapo kuna mtu atasisimka? Yule muuaji mwenyewe uanaume wake umekufa kwa alichokigusa. Manto alishangaa mahakamani kwamba hadithi inayomrudisha mtu kwenye utu kwa njia ya kutisha kiasi hicho inaitwa ya kuamsha matamanio.

Mahakama ya kwanza ilimpa miezi mitatu jela na kazi ngumu pamoja na faini ya rupia 300. Akakata rufaa, akaachiwa. Serikali nayo ikakata rufaa, Mahakama Kuu ikamrudishia hatia kwa faini ileile, bila jela.

Kilichomuuma zaidi kilitoka kwa mshairi Faiz Ahmed Faiz, aliyeitwa upande wa utetezi. Alisema hadithi si chafu, lakini haifikii viwango vya juu vya fasihi. Mtu anakuokoa huku anakukanyaga! Na wenzake wa Jumuiya ya Waandishi wa Maendeleo, wale wa mrengo wa kushoto, walikuwa wamekwisha kumtenga kwamba ni mwandishi wa kurudi nyuma. Mashekhe wanamwita mchafu, wajamaa wanamwita mzandiki, serikali inamwita mshitakiwa.

Jibu lake alikuwa amelitoa zamani, kwenye mhadhara wa Bombay mwaka 1944. Kwa maneno yangu: kama hadithi zangu hazivumiliki, maana yake zama zenyewe hazivumiliki. Jamii iko uchi tayari, siivui nguo. Siivishi pia, hiyo ni kazi ya fundi cherehani. Na wanaoniita mwenye kalamu nyeusi wajue kwamba ubaoni naandikia chaki nyeupe, ili weusi wa ubao uonekane vizuri.

Dada wa Vitabu — #8

Niongeze kitu kidogo hapo. Kwa Kiurdu fasihi inaitwa adab. Ni neno lilelile la adabu, na wao pia wanalitumia kwa maana ya heshima, hata salamu yao moja ni "aadaab". Kwa hiyo mtu akishtakiwa kwa kuandika adab isiyo na adabu, ni kama neno lenyewe limegombana na nafsi yake. Bibi yangu angesema hana adabu, tena angemaliza kitabu chote kwanza.

Baharia Mstaafu — #9

😂 Bibi wa Mombasa hao nawajua.

Mleta uzi, weka basi zile za mgawanyiko. Na useme ipi ndiyo yenyewe.

Kalamu ya Mkaa — #10

Kwangu mimi ni "Khol Do". Khol do maana yake ni amri: fungua. Ndiyo iliyofanya jarida la Nuqoosh, alilohariri Ahmad Nadeem Qasmi, lifungiwe miezi sita.

Wasiotaka kuharibiwa mwisho waruke aya mbili.

Treni inatoka Amritsar saa nane mchana, inafika Mughalpura, Lahore, upande wa Pakistan, saa nne usiku. Mzee Sirajuddin anazinduka kambini. Mke ameuawa mbele ya macho yake, binti yake Sakina hayupo. Mfukoni mwa koti mzee amebaki na mtandio wa binti, anakumbuka ulianguka wakati wanakimbia, akauokota. Vijana wanane wa kujitolea, wenye lori na bunduki, wanawatafuta waliopotea. Mzee anawaeleza binti alivyo, kidoti shavuni, anawaombea dua. Vijana wanampata Sakina. Wanampa chakula, wanampa koti ajisitiri. Siku zinapita, mzee akiwauliza, wanamwambia usijali, tutampata.

Jioni moja wanaume wanambeba msichana aliyekutwa karibu na reli hajitambui. Mzee anafuata hadi chumba cha hospitali, taa inawashwa, anaona kidoti: Sakina! Chumba kina joto. Daktari anapima mshipa, anaonyesha dirisha, anamwambia mzee: fungua. Mikono ya yule binti aliyekuwa kama maiti inasogea, inafungua kamba ya shalwari, inaishusha. Mzee anapiga kelele za furaha: yu hai, binti yangu yu hai! Daktari jasho linamtoka mwili mzima.

Manto hakuandika neno moja kuhusu walichofanya wale vijana, na ni Waislamu wenzake walioapa kumsaidia. Kakiweka chote ndani ya kitenzi kimoja cha kila siku, kinachotumika kwa dirisha, mlango, kitabu na chupa ya soda. Serikali ilitafuta neno chafu ndani yake na sijui wangelikata lipi.

Sasa nimejaribu kuitia Kiswahili na nimekwama hapo hapo. Kwa Kiurdu daktari anasema "khirki khol do", dirisha fungua. Kitenzi kinakuja mwisho, ndicho kinachobaki masikioni. Sisi tunaanza na kitenzi: "fungua dirisha". Msichana anasikia "fungua" halafu "dirisha" linakuja kumsahihisha.

Mtu wa Kona — #11

Sawa, hiyo imenikalisha kimya, nakiri. Lakini tafsiri si rahisi tu? Aonyeshe dirisha kwa kidole aseme "lifungue".

Dada wa Vitabu — #12

Hapana, hapo umeiua hadithi! Ukisema "lifungue", ile -li- imekwisha kutaja dirisha. Ukisema "ifungue", imetaja kitu kingine. Sarufi yetu inashitaki mapema. Lazima liwe "fungua" tupu, halina kitu nyuma wala katikati. Na ukiweka "dirisha" mbele, "dirisha, fungua", msichana aliye nusu maiti atashika la mwisho tu. Mie ningeandika hivyo.

Kalamu ya Mkaa — #13

Dada, "dirisha, fungua". Nimeiandika kwenye karatasi. Asante sana.

Nirudi kwa "Karamat" kabla sijasahau. Imo ndani ya Siyah Hashiye, kitabu cha 1948 chenye visa 32, vingine mistari miwili mitatu tu. Polisi wanasaka mali zilizoporwa, watu wanaanza kuzitupa usiku. Jamaa mmoja ana magunia mawili ya sukari aliyoiba duka la jirani. La kwanza analitumbukiza kisimani. La pili anaingia nalo mwenyewe. Wanamtoa, anakufa. Asubuhi watu wakichota maji, matamu! Usiku ule kaburi la yule bwana likawa linawashwa taa.

Anayejua makaburi ya mawalii wa pwani yetu yanavyofukizwa ubani atacheka kisha ataacha kucheka.

Wenzake walimlaumu: watu wanakufa, wewe unafanya mzaha. Mimi naona ni mzaha wa mtu aliyekaa matangani siku tatu bila kulala.

Baharia Mstaafu — #14

Na ile ya wendawazimu?

Kalamu ya Mkaa — #15

"Toba Tek Singh". Pole, toba hii haihusiani na kutubu, kwa Kipunjabi ni bwawa, na Toba Tek Singh ni mji halisi Punjab, uko Pakistan hadi leo.

Baada ya mgawanyiko serikali mbili zinakaa zinakubaliana: kama tulivyobadilishana wafungwa, tubadilishane na wendawazimu. Wa Kiislamu walioko India waletwe, wa Kihindu na Kisingasinga walioko Lahore wapelekwe. Hospitalini fujo tupu. Mmoja anapanda mti, anatangaza hataki kuishi India wala Pakistan, anaishi juu ya mti. Mwingine, Bishan Singh, amesimama miaka 15 bila kulala, miguu imevimba, anachotaka kujua ni kitu kimoja: kijiji chake cha Toba Tek Singh kiko India au Pakistan? Kila mtu anamjibu lake. Mpakani Wagah anakataa kuvuka, anasimama katikati, na alfajiri anapiga ukelele mmoja na kuanguka. Huku waya za India, kule waya za Pakistan, yeye kalala kwenye kipande cha ardhi kisicho na jina.

Bishan Singh ana maneno yake ya kurudiarudia yasiyo na maana, Kipunjabi na Kiingereza vimekorogwa, ndani yake kuna dali ya choroko na kandili. Manto alijua lugha ya wodi zile. Pombe ilikwisha kumfikisha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lahore, alilazwa apate kuacha.

Pombe, ndiyo. Sifichi. Miaka ile ya Lahore alikuwa anaingia ofisi ya mhariri, anakaa, anaandika hadithi moja kwa mkao mmoja, anapokea malipo yake, anakwenda moja kwa moja kununua chupa. Safia na mabinti watatu, Nighat, Nuzhat na Nusrat, wako kwenye fleti ya Lakshmi Mansions wanasubiri. Naipenda kalamu yake na bado nasema nyumbani alidhulumu.

Mtu wa Kona — #16

Nimesoma mahali kuwa aliandika barua kwa "Mjomba Sam" akatabiri mambo ya Marekani na mashekhe. Kweli?

Kalamu ya Mkaa — #17

Kweli, barua tisa, kati ya 1951 na 1954. Katika moja anamwambia Sam kwamba silaha unazotaka kuipa Pakistan lengo lake ni kuwapa mamullah ili wapambane na Warusi. Mkataba wa msaada wa kijeshi kati ya Marekani na Pakistan ulitiwa saini Mei 1954. Afghanistan ya miaka ya 1980, silaha za Marekani zilipopitia Pakistan kwenda kwa wapiganaji wa dini dhidi ya Warusi, yeye hakuiona.

Lakini nikukosoe kidogo: hakusema mjomba. Alisema chacha, yaani baba mdogo. Mjomba kwao ni mamun. Sisi tumechukua "Mjomba Sam" bila kufikiri. Manto kamfanya ndugu wa baba yake, mtu mwenye haki ya kuingia chumbani bila kubisha hodi na kuamua urithi. Ukitafsiri "mjomba", yule anayekupa zawadi siku ya sikukuu, utani wote umepotea.

Baharia Mstaafu — #18

Baba Mdogo Sam! Nimeipenda 😂

Mwisho wake ukoje?

Kalamu ya Mkaa — #19

Ini. Alikufa Lahore 18 Januari 1955, akazikwa makaburi ya Miani Sahib. Miezi mitano kabla, 18 Agosti 1954, alikuwa ameandika maneno ya kaburi lake mwenyewe: kwamba hapa amelala Manto na siri zote za ufundi wa kutunga hadithi, na chini ya mzigo wa udongo bado anajiuliza nani mtunzi mkubwa zaidi, yeye au Mungu.

Familia haikuthubutu kuyaweka. Jiwe likaandikwa mengine, yaliyofinyangwa kutokana na shairi la Ghalib: kwamba hili ni kaburi la Manto, ambaye bado anaamini kuwa jina lake halikuwa harfe mukarrar kwenye lauhi ya ulimwengu. Harf ni herufi, mukarrar ni ya kukaririwa. Yaani si herufi iliyoandikwa mara mbili kwa makosa.

Mwaka 2005 Pakistan ikamtolea stempu ya posta, na 2012 nishani kubwa ya Nishan-e-Imtiaz. Faini ya rupia 300 sijasikia kama ilirudishwa.

Mtu wa Kona — #20

Hilo la yeye au Mungu ni kufuru, tusizungushe.

Dada wa Vitabu — #21

Mie nimelisoma kama majivuno ya mgonjwa. Lakini huyohuyo aliandika kuwa kila ukurasa wake anaanza kwa kuandika 786 juu. Watu wa pwani hawaulizi maana yake, tumeiona kwenye milango ya nyumba na vioo vya magari, hesabu ya Bismillahi. Akatania kwamba Manto, anayekanusha mambo mengi, akifika kwenye karatasi anakuwa muumini.

Na kuhusu anavyoandika: anasema anakunja miguu juu ya kiti, mabinti wanapiga kelele, anawaamulia ugomvi, anatengeneza kachumbari, mgeni akija anamkirimu, huku hadithi inaendelea. Na ikigoma kabisa, anasema iko mfukoni, kwa sababu hela yake ameshachukua.

Baharia Mstaafu — #22

Nianze na ipi, nisiumwe usiku?

Kalamu ya Mkaa — #23

"Naya Qanoon", mkuu. Mwendesha gari la farasi la kukodi, Ustad Mangu, ustadhi kwa kupewa tu maana hajasoma, anasikia abiria wakisema sheria mpya inaanza tarehe 1 Aprili. Anaamini Mwingereza kwisha. Tarehe hiyo inafika, mzungu aliyewahi kumdhalilisha anamwita, anamdharau tena, Mangu anashuka na kumcharaza vilivyo. Anaburutwa kituoni akipiga kelele "sheria mpya!" Polisi wanamwambia sheria mpya gani wewe, sheria ni ileile. Wanamtia ndani.

Halafu "Kali Shalwar": mwanamke anayejiuza Delhi, biashara imedoda, hamu yake ni suruali nyeusi ya Muharram tu. Mtu wa kona aisome hiyo kisha aniambie tusi liko wapi.

Mtu wa Kona — #24

Nitaisoma. Ila bado niko kwenye ile "fungua". Kuna shida nyingine hamjaiona. Daktari ni kijana, Sirajuddin ni mzee. Kwetu hatamwambia "dirisha, fungua" kavukavu namna hiyo. Atasema "mzee wangu, naomba ufungue dirisha." Na akishasema "mzee", binti anajua haambiwi yeye.

Dada wa Vitabu — #25

Eh! Kweli kabisa. Na kwa Kiurdu "do" ni ya kumwambia mtu wa kawaida, hakumpandisha heshima.

Kalamu ya Mkaa — #26

Basi daktari wetu itabidi awe hana adabu.